Tarehe Mgongoni mwa Betri

Niliwaacha wiki iliyopita mke wangu akitoka kwenye lifti baada ya kukwama humo saa mbili nzima, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Nilimwambia, "Mke wangu, betri ilinizimikia." Naye, yeye aliyekwama, akanishika bega na kunibembeleza mimi: "Si kosa lako, Baba Pacha."

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitafupisha, maana wengine aibu yangu mnaijua kwa mapana na marefu.

Mimi ni msimamizi wa jengo la ofisi. Ghorofa saba, lifti moja. Ufunguo wa kufungulia milango ya lifti kutoka nje uko mmoja tu, nami nauvaa shingoni kama medali.

Simu yangu ilipofika mwaka wa nne, betri yake ilianza kuzima kwenye asilimia thelathini na nane. Baadaye ikavimba, kioo kikabanduka pembeni, nikakifunga kwa mpira mwembamba wa kufungia karatasi. Kila aliyeiona aliniambia badilisha. Nikawa nasema kesho.

Hiyo kesho nilikuwa na sababu nayo. Mtu mwenye betri mbovu, ndugu zangu, halaumiwi na yeyote. Hakupokea? Maskini, betri. Hakuja kikaoni? Hakupata taarifa, betri. Mama mkwe wangu alikuwa akinipigia kila siku saa nne asubuhi kunikumbusha bomba la jikoni kwake linavuja. Miezi minane bomba lilivuja, na mimi nikaendelea kuitwa mkwe mwema mwenye simu mbaya.

Mwezi wa tatu simu ikapata moto mfukoni nikiwa kwenye foleni ya benki. Nilitoka mbio nimejishika paja, watu wakidhani nimeiba. Siku hiyohiyo nikaenda kwa fundi, akanitolea betri mbovu na kunitilia mpya. Sikumwambia mtu. Mpira wangu niliurudisha palepale kwenye simu, na waya wa chaji nikauacha uning'inie mfukoni ili kila mwenye macho auone.

Siku mke wangu alipokwama kwenye lifti ya jengo langu, simu yangu ilikuwa na asilimia tisini na moja. Nilikuwa ng'ambo ya barabara kwenye kiti cha kinyozi, napakwa rangi nyeusi kichwani. Jina lake likawaka mara kumi na moja. Nilidhani ananiitia kikao cha ukoo wao. Niliigeuza simu kifudifudi nikamwambia kinyozi aongeze rangi kwenye masharubu.

Wengi mmeniandikia. Mmoja amesema nimweleze mke wangu ukweli, eti ukweli humweka mtu huru. Huyo bila shaka hajaoa.

Sasa sikilizeni kilichonipata.

Asubuhi moja, wiki mbili baada ya mkasa, nilikuwa nanywa chai. Mke wangu alikuwa bafuni anapiga mswaki, mlango wazi. Tangu siku ile hafungi mlango. Wa bafuni hafungi, wa chumbani hafungi, hata kabati la nguo analiacha wazi. Na kazini kwake, anakoshona nguo na mapazia, chumba cha kupimia wateja amekiondolea pazia lake.

"Baba Pacha," akaniita, povu mdomoni. "Leo ile betri inabadilishwa."

Chai ikanipalia.

"Betri gani?"

"Una ngapi?"

"Aa, hii. Nitaipeleka mwenyewe. Kesho."

Akasukutua, akatema, akatoka na taulo begani. "Kesho yako imezaa wajukuu. Nimeshamwambia Mama. Saa nne atakuja hapo kazini kwako, mtakwenda wote kwa fundi wake. Anasimama hapohapo mpaka anaona imetolewa."

"Mama na miguu yake ile? Kwa nini umsumbue mzazi?"

"Amejitolea mwenyewe. Amesema ile betri nusura imuue mwanawe, anataka kuiona kwa macho yake ikitupwa."

Nikajitia ujuzi. Nikamweleza kwamba simu za aina yangu ni za zamani, betri zake hazipatikani tena. Akasema mama ameshauliza, zipo. Nikamweleza kwamba simu ikishafunguliwa haiwi ileile tena. Akanitazama kwa muda.

"Hata mimi," akasema.

Hapo nilipaswa kupiga magoti. Badala yake nikaweka sukari ya pili kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

"Unajua kaka zangu walisemaje?" akaendelea, sasa anajifunga kitambaa kichwani. "Walisema ni uzembe. Mkubwa alisema mwanamume anayesimamia lifti halafu mkewe anakaa ndani saa mbili, huyo kuna mahali alikuwa. Nikawaambia palepale, mbele ya Mama: atakayemsema mume wangu kwa kosa la betri asikanyage kwangu. Mkubwa hajakanyaga mpaka leo. Kwa hiyo ibadilishwe, yaishe."

Akaondoka kazini. Akauacha mlango wa mbele wazi.

Nilibaki nimekaa. Mke wangu alikuwa amegombana na kaka yake mkubwa wa tumbo moja kwa ajili yangu. Neno lake ameliweka mbele ya ndugu zake, na neno hilo limesimama juu ya betri ambayo haikuwahi kuzima. Fundi yeyote akiifungua simu mbele ya mama mkwe ataona betri mpya. Kitakachofuata hapo hakihitaji mtabiri. Niliona aibu, naapa, lakini niliona hofu zaidi, na hofu ndiyo iliyoshika usukani.

Nikatoka mbio kwa yule fundi wangu wa mwezi wa tatu.

Ni mama mmoja mkavu, watu wanamwita Dokta. Meza yake iko dirishani kwenye duka la vifaa vya shule, kati ya madaftari na globu. Ana desturi yake, nayo ndiyo iliyonimaliza. Kila betri anayoiweka anaiandika mgongoni kwa kalamu ya wino usiofutika: kazi ya mteja, na tarehe. Majina haandiki. Anasema watu majina yao hukana, lakini kazi mtu huilalamikia mpaka kaburini. Na simu ikirudi kwake, anaifungua mbele yako na kukusomea tarehe kwa sauti, kama anakusomea hukumu.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Imezima?"

"Haijazima. Hapo ndipo penye tatizo."

Nikamweleza. Si yote. Nikamwambia kuna jambo la kifamilia, la siri, nyeti sana, linalohitaji betri yangu ya zamani irudi kwenye simu kwa siku moja tu.

Akavua miwani yake ya kukuzia. "Ile iliyovimba?"

"Ninayo. Uliponitolea niliichukua."

"Nilikukataza kuichukua. Nikakwambia iache hapa kwenye ndoo yangu ya mchanga. Ukasema ni mali yako."

"Nimeiweka kwenye mchanga vilevile. Kwenye kopo la rangi."

"Sikiliza," akasema. "Miaka kumi na minne natoa mbovu naweka nzima. Leo asubuhi mtu mzima na masharubu yake mapya ananiambia nitoe nzima niweke mbovu. Betri ikivimba imevimba. Ukiibana inawaka. Mke amekufanyia nini hata umtege na moto?"

"Nani amesema mke?"

"Mwanamume haogopi hivyo kwa ajili ya mjomba."

Nikabadilisha ombi. Basi anifutie tu ile tarehe. Afute, aandike ya leo, mama mkwe nitamleta kwake, yeye ajifanye anaiweka leo, kila mtu arudi kwake na amani.

Dokta akavaa miwani yake. "Tarehe ndiyo kazi yangu. Nikifuta yako, za wengine zina maana gani? Toka, unaniziba mwanga."

Nikatoka. Ilikuwa saa tatu kasorobo. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani akatafuta maneno ya kuomba radhi. Mimi nilipitia saluni iliyo chini ya jengo letu, nikaazima mashine ya kukaushia nywele.

Nikapanda hadi ghorofa ya saba, kwenye chumba cha mashine ya lifti. Huko haingii mtu ila mimi. Nikalitoa kopo la rangi, nikachambua mchanga, nikaipata betri yangu ya zamani, imevimba tumbo, imetulia. Nikawasha ile mashine, nikapuliza kioo mpaka gundi ikalegea, nikakinyanyua kwa kadi ya benki. Sikuwa nimewahi kufungua simu maishani, lakini Dokta alipoifungua mwezi wa tatu nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimhesabia skrubu ili asiniibie. Ubahili nao una faida zake.

Betri mpya ikatoka. Mgongoni, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, imeandikwa: *Msimamizi wa jengo, 9/3*.

Nikaona niifute kwanza, kwa usalama. Nikasugua kwa spiriti. Wino haukutoka. Vumbi ndilo lililotoka, maandishi yakang'aa.

Nikaitia ile mbovu. Kioo hakikufunga vizuri, nikakikandamiza kidogo, kwa adabu, nikitamka kila dua ninayoijua. Nikafunga mpira. Nikawasha. Simu ikaamka: asilimia sitini na moja. Nilitabasamu peke yangu kwenye kile chumba kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Na hapo mlango ukagongwa.

"Mkwe! Umo humo?"

Mama mkwe. Hakunisubiri chini kwenye kibanda changu cha usimamizi. Alikuwa amepanda mpaka saba, saa nne bado dakika kumi. Niliifunika betri nzima kwa leso, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa shati, nikafungua mlango.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatoka jasho?"

"Mashine, Mama. Zina joto."

Macho yake yakatua kwenye ile mashine ya kukaushia nywele. Kisha kwenye masharubu yangu. Akanyamaza. Ni mwanamke wa maneno machache, alifundisha hesabu miaka thelathini, na watu wa hesabu wakinyamaza huwa wanajumlisha.

"Lete hiyo simu niione," akasema.

Nikampa. Akaipima kwa kiganja, akaugusa mpira, akatikisa kichwa. "Inachemka hata sasa. Na hiki ndicho unachotembea nacho. Haya twende, fundi wangu anafunga mapema."

"Tushuke kwa ngazi, Mama? Mazoezi."

"Kwa magoti haya? Nimepanda kwa lifti na nitashuka kwa lifti."

Nikambebea mkoba wake, nikabeba na sanduku langu la vifaa, tukaingia. Mlango ukafunga. Saba, sita, tano. Nilianza kuamini. Mbele yangu niliona fundi anatoa betri iliyovimba, mama mkwe anaguna, mke wangu jioni anafunga mlango wa bafuni. Niliona hata kaka mkubwa anakuja na soda kuomba msamaha.

Umeme ukakatika.

Lifti ikajikwaa, ikashuka kidogo, ikasimama kati ya tano na nne. Kikabaki kile kitaa kidogo cha dharura juu ya vitufe, cha manjano, hafifu.

Mama mkwe hakupiga kelele. Akashika kile chuma cha pembeni na kuvuta pumzi mara mbili.

"Jenereta itawaka," akasema.

"Jenereta mbovu, Mama."

"Tangu lini?"

"Fundi wake anasubiri simu yangu."

Akameza hilo. "Na lifti? Nilidhani lifti za siku hizi zina betri ya akiba. Umeme ukikatika inajishusha hadi ghorofa ya karibu, mlango unafunguka."

"Ilikuwa nayo."

"Ilikuwa?"

Wasomaji, hili sikuwahi kuwaambia. Sikuwa na mpango wa kuwaambia. Lifti nayo ina betri yake, nayo huzeeka kama zote. Watu wa lifti walikuwa wakinipigia tangu mwaka jana niwape siku ya kuja kuibadilisha. Na mimi, mnajua, simu yangu ilikuwa ikizima. Hata baada ya mke wangu kukwama sikuwaita, maana wakija wataandika ripoti, na ripoti itauliza nani alipigiwa na hakupokea. Nikamwambia mwenye jengo ni hitilafu ya umeme, akaniamini. Watu huniamini sana.

"Ilichoka," nikamjibu mama mkwe.

"Bonyeza kengele basi."

Nikabonyeza. Mbali huko chini tukaisikia ikilia, ndogo, kama jogoo mgonjwa.

"Inalia wapi?" akauliza.

"Kibandani."

"Nani yuko kibandani?"

Nikatazama viatu vyangu. "Mimi, Mama."

Akaketi juu ya sanduku langu la vifaa. Mkono kifuani, akazitazama kuta za ile lifti upande hadi upande. "Saa mbili alikaa humu," akasema, si kwangu. "Peke yake. Kengele inalia kwenye kibanda kitupu."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikajua anaanza kuogopa, yeye ambaye sijawahi kumwona akiogopa kitu. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye paji la uso.

"Nipe leso, mkwe."

Mimi nimelelewa vizuri. Mzazi akiomba leso, unatoa leso. Nikatia mkono mfukoni, nikaivuta kwa heshima zote, na betri ikafuata, ikamgonga gotini, ikatulia juu ya mapaja yake.

Tukaitazama wote wawili.

"Nini hiki?"

"Kipuri cha lifti."

Akaiokota. Akaigeuza. Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa taratibu, sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia. Akainua ile betri kwenye kitaa cha manjano.

"Msimamizi wa jengo," akasoma. "Tarehe tisa, mwezi wa tatu."

Kwa mbali kengele ilikuwa bado inalia. Nilikuwa nimesahau kuondoa kidole.

"Kuna wasimamizi wengi wa majengo, Mama."

"Wenye betri kwenye mfuko wa shati lako?"

Akaishika betri kwa vidole viwili, akanitazama juu ya miwani, kama alivyowatazama bila shaka mamia ya watoto walionakili majibu ya jirani.

"Tuanze mwanzo," akasema. "Hii ni betri ya simu."

"Ndiyo."

"Ya simu yako."

"Ndiyo, Mama."

"Uliiweka mwezi wa tatu. Mwanangu alikwama lini?"

Nilijua tarehe. Nitaijua mpaka nife. "Tarehe mbili. Mwezi wa tano."

"Siku hiyo simu ilikuwa na betri ipi?"

Nikaionyesha kwa kidevu.

"Na ndani ya simu sasa hivi kuna ipi?"

"Ile mbovu."

"Iliingiaje?"

Nikaitazama mikono yangu. Bado ilikuwa na mchanga kwenye kucha. Naye akaitazama, akakumbuka ile mashine ya kukaushia nywele, nikaona hesabu inakamilika usoni mwake.

"Umetoa nzima," akasema polepole, "ukarudisha mbovu. Ili mimi, mtu mzima, nije nikushike mkono nikupeleke kwa fundi, niisimamie ikitolewa, nirudi nikamwambie mwanangu kwamba nimeiona."

"Ndiyo, Mama."

"Ili niwe shahidi wako."

Akacheka. Kicheko kifupi, kikavu. Heri angenizaba kibao.

"Na bomba langu?" akauliza.

"Mama, kuhusu bomba..."

"Basi. Bomba tuliache. Bomba na mimi tumeshazoeana." Akanyoosha mkono. "Lete simu."

"Si unayo yako?"

"Nimeiacha kwa mwanangu inapata chaji. Lete."

Nikaitoa. Ilikuwa ya moto, tumbo limejaa, mpira umekazika. Asilimia arobaini na moja.

Nitawaambia kitu cha aibu kuliko vyote. Nilipompa ile simu, moyoni nilifurahi. Arobaini na moja. Ile betri naijua kama ninavyoijua mifuko yangu. Ikifika thelathini na nane inakufa, haijawahi kunikosesha. Ilinizimikia kwenye usaili wa kazi, ilinizimikia siku mapacha wanazaliwa. Leo, kwa mara ya kwanza, nilikuwa naitegemea.

Mama mkwe akatafuta jina. Akabonyeza. Ikaanza kuita.

Arobaini. Thelathini na tisa.

Mke wangu hapokei haraka. Cherehani yake ina kelele, na mkasi huwa mkononi. Ikaita mpaka ikakata. Mama mkwe akabonyeza tena.

Thelathini na nane.

Nikafumba macho. Zima, nikaiambia. Zima, mwanangu, zima kama ulivyozoea.

Nikafumbua. Thelathini na sita.

Ikaendelea kuita. Thelathini na moja. Ishirini na mbili. Ilikuwa inashuka mbio, lakini inashuka hai. Kumi na nne. Tisa. Jasho likanitoka hata mahali ambapo sikujua pana jasho. Nne.

"Haloo? Baba Pacha?"

"Ni mimi, mama yako," akasema mama mkwe, sauti imara kabisa, mwalimu mbele ya darasa. "Usiogope. Niko kwenye lifti na mumeo. Imesimama."

Niliusikia ukelele wa mke wangu kutoka pale nilipokuwa. Nilisikia kiti kikianguka.

"Mama! Mama, kaa chini! Usiangalie kuta, angalia miguu yako! Nakuja! Nakuja sasa hivi!"

Mke wangu hajakanyaga jengo lile tangu siku ile. Hata barabara yake haipiti. Anazunguka sokoni kote ili asilione.

"Sawa, mwanangu. Nakusubiri. Lakini kabla hujatoka, mumeo ana neno lake." Akanyoosha mkono, akaniwekea simu sikioni. "Mwambie mwenyewe," akaninong'oneza. "Usipomwambia, nikitoka humu namwambia mimi."

Niliishika. Ilikuwa ya moto, inaniunguza sikio. Niliitoa kidogo nikatazama kioo: asilimia moja. Nikairudisha. Mama mkwe alikuwa amevua miwani, ile betri nzima iko kiganjani mwake, ananitazama mdomoni kusubiri kitakachotoka.

"Baba Pacha, upo?" Mke wangu alikuwa anahema, tayari anakimbia, nasikia viatu vyake barabarani. "Nimeshatoka, nakuja. Usiogope na wewe. Mama anasema una neno?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi sema upesi, mume wangu," akasema. "Sema kabla haijazima."